Sema ni hakimiliki, itatoka haraka

Nianze na ushauri ambao hata mimi naona aibu kuutoa. Ukikuta picha yako ya uchi iko mtandaoni, na hiyo picha ulijipiga mwenyewe, selfi ya mbele ya kioo au vyovyote vile, usiishie kwenye ile sehemu ya kuripoti picha za faragha bila ridhaa. Nenda na kwenye fomu ya hakimiliki. Jaza kwamba hiyo picha ni kazi yako, wewe ndio mpigapicha, na hujampa mtu yeyote ruhusa ya kuichapisha. Yaani jifanye wewe ni studio inayodai mali yake. Hapo utasikilizwa.

Sitanii jamani. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani walifanya kitu cha akili sana, walitengeneza kwa akili mnemba picha 50 za uchi za wanawake ambao hawapo duniani, ili asidhalilike mtu wa kweli, wakaziposti kwenye X halafu wakaanza kuziripoti wenyewe. Picha 25 waliziripoti kwa njia ya hakimiliki. 25 nyingine wakaziripoti kwa kanuni ya X yenyewe inayosema picha za uchi bila ridhaa ya mwenyewe ni marufuku. Zile za hakimiliki zote zilishushwa ndani ya saa 25. Zile nyingine, wiki tatu baadaye, haijashuka hata moja. Hata moja! Mtandao uleule, picha za aina ileile, tofauti ni kiboksi gani ulitiki.

Na sisi kila siku tunaambiwa hizi kampuni zimezidiwa, posti ni nyingi mno, watu wa kukagua hawatoshi, mashine bado inajifunza. Kumbe wakitaka wanaweza, tena ndani ya siku moja tu. Na sababu ya kutaka haina uchawi wowote. Marekani wana sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya mwaka 1998, ile watu wanaiita DMCA, inayosema kampuni ikiletewa notisi kwamba kitu fulani ni mali ya mtu na isikishushe haraka, inapoteza kinga yake na inaweza kushtakiwa pamoja na aliyeposti. Nyuma ya hiyo sheria kuna kampuni za muziki na filamu zenye mawakili wa kutosha. Sasa kwa mambo mengine mengi kuna kifungu cha 230 cha sheria ya mwaka 1996, ambacho kinasema kampuni haiwajibiki kwa kilichopostiwa na watumiaji wake, ila chenyewe kikaziacha nje haki za ubunifu. Matokeo yake wimbo ukawa na mwenyewe, mwili wa mtu ukawa hauna.

Halafu hiyo njia yenyewe ya hakimiliki ni kichekesho kichungu. Kama picha alikupiga eks wako, mwenye hakimiliki ni eks. Yeye ndio alibonyeza kitufe. Kwahiyo kisheria yule aliyekuanika ndiye mwenye mali na wewe uliyeanikwa ni kama ua lililopigwa picha bustanini. Na hata kama ulijipiga mwenyewe, fomu inataka jina lako kamili na mawasiliano yako, na notisi inaweza kupelekwa kwa aliyeposti ajue nani kamlalamikia, kwahiyo mtu asiyekujua anaweza kupata jina lako kutoka kwenye barua uliyoandika ili usijulikane. Ndio maana nimesema naona aibu kutoa ushauri huu. Nautoa kwa sababu unafanya kazi.

Mimi sio mwanasheria, kazi yangu ni ya kompyuta, na kwa sababu hiyo watu wanadhani najua kufuta kitu kwenye intaneti. Wananitafuta usiku, mara nyingi sana usiku, na nimegundua karibu wote hawaanzi na "nataka afungwe". Hilo linakuja baadaye, au haliji kabisa. Cha kwanza ni "itoke". Kuna mdogo wangu mmoja, sio wa tumbo moja ila namwita hivyo, nilikaa naye tukijaza fomu ya mtandao mmoja mkubwa na nikaona kazi ilivyo. Fomu inataka linki ya kila posti, sio akaunti, kila posti. Kwahiyo inabidi aifungue, abonyeze vile vidoti vitatu, anakili linki, arudi kwenye fomu abandike, aende nyingine. Kila akiifungua anaiona tena, na chini yake watu wanaandika "koneksheni iko wapi", "nitumie DM", "mwenye nzima aweke". Katikati ya hayo akaniuliza:

"Dada, nikiripoti, hao wa ofisini nao si wataiangalia?"

"Wataiangalia, au mashine itaiangalia."

"Kwahiyo ni watu wengine tena."

Sikuwa na jibu. Fomu ikaendelea kuuliza, inakuhusu wewe au mtu mwingine, ni uchi au ni tendo, una uthibitisho gani kwamba ni wewe. Baadaye likaja jibu la mashine kwamba wamepitia na hawajaona ukiukaji wa miongozo yao. Yeye muda wote alikuwa anarifreshi kuangalia kama imetoka, na kila akirifreshi ile namba ya watazamaji inapanda, na mmoja wao ni yeye mwenyewe.

Ndio maana mtu akiniambia suluhisho ni kuongeza miaka ya jela huwa nasikiliza nusunusu. Sio kwamba jela sitaki. Ila kesi ni miezi na picha ni dakika. Na hata historia ya hizo kesi ukiisoma inachekesha kwa uchungu. Kulikuwa na Mmarekani anaitwa Hunter Moore, kuanzia 2010 alikuwa na tovuti ya kuweka picha za uchi za watu, wengi wakiwa hawajakubali, na pembeni anaweka jina na akaunti ya Facebook ya mtu ili watazamaji wamtafute. Alikuwa anajisifu waziwazi. Alifungwa mwaka 2015, miaka miwili na nusu, lakini makosa yaliyomtia ndani ni kushiriki kudukua akaunti za barua pepe na wizi wa utambulisho. Yale ya kuanika watu siku nzima kwa miaka, hayakuwa kosa la kumfungia. Angekuwa ameletewa picha zote na maeks wenye hasira bila kudukua, sijui wangemshika kwa lipi.

Uingereza nao walipotunga kosa lao mwaka 2015 waliweka sharti kwamba lazima ithibitike aliyesambaza alikusudia kumletea mhusika dhiki. Fikiria hilo mahakamani. Kijana anasema mimi sikutaka kumuumiza mtu, nilikuwa nawaringishia washkaji tu kwenye grupu. Mwingine anasema nilikuwa nauza, nilitaka hela, simjui hata huyo dada. Wote wawili wanasema kweli! Na wote wanapita katikati ya tundu la sheria. Ikachukua mpaka sheria ya usalama mtandaoni ya 2023, na kosa jipya likaanza kutumika tarehe 31 Januari 2024, ndipo ikatosha kwamba umesambaza na mwenye picha hajaridhia. Nia ya kuumiza ikabaki kuwa kitu cha kuongezea adhabu. Miaka karibu tisa ya watu kuulizwa swali lisilowahusu, kwamba yeye alikuwa anawaza nini.

Kwahiyo mimi nikiangalia sheria yoyote ya haya mambo siangalii kwanza adhabu. Naangalia saa. Saa inaanza kuhesabu lini, na inamhesabia nani?

Australia ndio naona walilielewa hili mapema. Wana ofisi ya serikali inaitwa eSafety, na wewe uliyevujishiwa picha unaweza kuwaandikia moja kwa moja, hauhitaji wakili, hauhitaji kwanza kesi ifunguliwe polisi. Ofisi ikiridhika inatoa notisi, na notisi inaweza kwenda kwa mtandao, kwa aliyeposti, hata kwa kampuni inayohifadhi tovuti. Sheria yao ya mwanzo ya 2018 iliwapa saa 48. Ile ya 2021, iliyoanza kazi Januari 2022, ikashusha mpaka saa 24. Tena ni mambo ya madai sio jinai, kwahiyo hakuna ile habari ya kuthibitisha bila shaka yoyote, kinachotakiwa ni kuonyesha picha ni ya faragha, ni yako, na hukuridhia. Na kutishia kuposti nako kumo humohumo, jambo ambalo nchi nyingi zililisahau wakati vitisho ndivyo vinamfanya mtu atume hela, atume picha zaidi, au arudiane na mtu aliyemkimbia.

Marekani wenyewe walichelewa mno, mpaka tarehe 19 Mei 2025 ndio ikasainiwa sheria ya taifa zima, inaitwa TAKE IT DOWN Act. Bungeni ilipita kwa kura 409 dhidi ya 2, na kwa siasa za kule sasa hivi mambo mangapi yanapata kura hizo? Inafanya kuposti hizi picha kuwa jinai, za kweli na za kutengenezwa kwa akili mnemba, na inazitaka kampuni zikiletewa maombi sahihi ziwe zimeshusha ndani ya saa 48 na zijitahidi kutafuta nakala zake. Kampuni zilipewa mwaka mzima wa kuandaa utaratibu, mpaka 19 Mei 2026, na msimamizi ni tume yao ya biashara, FTC.

Sasa hapa kuna kelele na kelele zenyewe zina maana, siwezi kuzipita. Watetezi wa uhuru wa kujieleza wanasema kampuni ikiwa na saa 48 na faini kichwani haitakagua, itashusha tu kila kilicholetwa. Na sheria haina mahali pa aliyeshushiwa kusema hapana hii sio picha ya uchi, hii ni habari, hii ni katuni ya mwanasiasa. Na Trump mwenyewe kabla hajaisaini alisimama mbele ya Bunge Machi 2025 akasema ataitumia na yeye, maana hakuna mtu anayeonewa mtandaoni kama yeye. Alikuwa anatania, labda. Lakini ndio hofu yenyewe hiyo, kwamba kitu kilichotungwa kwa ajili ya binti anayelia usiku kikaja kutumiwa na mkubwa asiyependa kuchekwa. Hata hakimiliki niliyoisifia hapo juu inatumiwa vibaya, watu wanashusha habari zinazowachafua kwa kudai ni mali yao.

Msimamo wangu kwa hilo ni kwamba dawa ya notisi za uongo ni kuweka rufaa ya haraka na kumwadhibu anayedanganya, sio kuifanya njia iwe ndefu kwa kila mtu. Katuni ikishushwa siku mbili kwa makosa ikarudishwa, kuna hasara na ni hasara ya kweli. Picha ya uchi ya mtu ikiachwa siku mbili kwa makosa, hairudishwi. Imeshapakuliwa.

Halafu kuna suala la ukubwa wa faini maana saa bila meno ni mapambo tu. Uingereza wameipa Ofcom, mamlaka yao ya kusimamia mawasiliano, uwezo wa kupiga faini mpaka pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato ya kampuni dunia nzima, yoyote iliyo kubwa zaidi. Kampuni kubwa milioni 18 ni hela ya kununulia viti. Asilimia 10 ya dunia nzima ni kitu kingine, hapo kikao kinaitishwa na watu wa fedha na sio wa maadili, na watu wa fedha ndio huwa wanasikilizwa. Tuliona Desemba 2020, Pornhub ilikuwa imelalamikiwa miaka kwa video za watu wasioridhia na za watoto, ikawa inajibu kwa matamko, halafu Visa na Mastercard wakasimamisha malipo na ndani ya mwezi huohuo mamilioni ya video zilizopandishwa na watu wasiojulikana zikaondolewa. Hakuna teknolojia mpya iliyogunduliwa mwezi ule.

Tuje kwenye teknolojia basi, maana kuna moja ambayo naipenda na watu wengi hawaijui. Mwaka 2017 Facebook walijaribu kitu Australia kilichochekwa dunia nzima, waliwaambia watu kama unaogopa eks wako ataposti picha yako ya uchi basi wewe tutumie kwanza, tutaitambua na kuizuia. Yaani tutumie uchi wako tukulinde. Na kweli kulikuwa na mfanyakazi wa kuiangalia. Unaweza kuona kwanini watu walicheka, ila wazo la chini yake lilikuwa zuri, na Desemba 2021 likarudi likiwa na akili zaidi. Shirika la Uingereza lenye simu ya msaada kwa waathirika, likishirikiana na Meta, likafungua StopNCII.org. Pale unachagua picha iliyo kwenye simu yako, na simu yako yenyewe, hapohapo mkononi, inaitengenezea hashi, mfululizo wa herufi na namba ambao ni wa picha hiyo. Kinachotumwa ni hashi tu. Picha haitoki kwenye simu. Huwezi kuichukua hashi ukairudisha iwe picha. Kampuni zilizojiunga, wakiwemo Facebook, Instagram, TikTok, Reddit na wengine, wanapewa ile orodha ya hashi na picha inayofanana ikijaribu kupanda inagonga mlango. Yule mdogo wangu swali lake lilipata jibu hapa, hakuna mtu wa ofisini anayelazimika kupokea picha kutoka kwako.

Upungufu wake ni kwamba picha ikikatwa sana au ikigeuzwa au ikiwekewa mapambo mengi hashi inaweza isifanane, na kubwa zaidi ni kwamba kampuni inajiunga ikipenda. Ile tovuti chafu iliyojificha nchi isiyojulikana haijajiunga na haitajiunga. Ndio maana nilifurahi kuona Ofcom mwaka 2025 wakipendekeza kulinganisha hashi za picha za faragha kuwe sehemu ya wajibu wa mitandao na sio hisani. Hapo ndio ninapoona udhibiti una kazi ya kufanya, kumtoa mwathirika kwenye nafasi ya mlinzi wa zamu. Korea Kusini tangu 2018 wana kituo cha serikali ambacho wafanyakazi wake wanatafuta nakala za video yako na kuomba zishushwe, wewe ukalale. Kwangu hicho kituo kina thamani kuliko vifungu kumi vya sheria.

Korea hiyohiyo imepitia makubwa. Mwaka 2020 kiongozi wa magrupu ya Telegram yaliyokuwa yanawalazimisha wasichana, wengine watoto, kutuma video na kuziuza, alihukumiwa miaka 40. Halafu 2024 likaibuka wimbi la dipfeki za wanafunzi, wavulana wa shule wanachukua sura za wenzao wa darasani, na walimu wao, wanazibandika kwenye miili ya uchi na kurushiana kwenye Telegram. Septemba mwaka huo wakabadilisha sheria, hata kumiliki au kuangalia dipfeki ya ngono ni kosa, mpaka miaka mitatu.

Hizi dipfeki zimenifanyia jambo moja ambalo sikulitegemea, zimeua lile swali la "kwani alijipiga za nini?" Hakujipiga. Alikuwa na picha ya mahafali tu. Kuna programu za kuvua nguo watu kwa akili mnemba zinatangazwa kama michezo, na mwanasheria wa jiji la San Francisco alizishtaki tovuti 16 za namna hiyo Agosti 2024, hatua nzuri kwa maoni yangu kwa sababu alimfuata anayeuza kisu badala ya kumfundisha kila mtu kukikwepa.

Ambapo sina jibu zuri ni kwenye magrupu ya meseji zilizofungwa mwanzo mpaka mwisho. Huko kampuni haioni kinachopita. Kuna wanaosema zifunguliwe zikaguliwe, na mimi siko upande huo, maana mtu anayemkimbia mpenzi mkatili anazihitaji hizohizo meseji zilizofungwa kuliko yeyote. Lakini ina maana huko hakuna notisi ya saa 24 itakayosaidia, huko anabaki mtu na kidole chake, na sheria ya kumfuata yule anayefowadi, sio wa kwanza tu. Wa kwanza kwenye hizi habari huwa anajulikana. Wale mia mbili waliofuata ndio kila mmoja anajiona hayumo.

Na kwenye sheria za Afrika yetu kuna tatizo la chini zaidi, nyingi zimeandikwa kulinda maadili na sio kumlinda mtu. Uganda sheria yao ya kupinga ponografia ya 2014 ilifanya wanawake waliovujishiwa picha watishiwe kukamatwa wao, mpaka Mahakama ya Katiba ikavifuta vifungu vyake vikuu Agosti 2021. Tanzania sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia, suala la nani aliridhia na nani hakuridhia siyo msingi wake. Kenya wana kifungu cha 37 cha sheria ya 2018, kinataja kabisa kusambaza picha ya faragha ya mtu mwingine, faini mpaka shilingi 200,000 au miaka miwili, na hicho ni afadhali kwa sababu kosa liko kwa msambazaji. Afrika Kusini wameenda mbele zaidi. Lakini ambapo sheria inaona uchafu kwanza na mtu baadaye, mwathirika anaogopa kwenda kituoni, kwa sababu ushahidi wa alichofanyiwa ni uleule unaoweza kumgeukia. Mexico walibadilisha mtazamo huo kwa sababu ya mtu mmoja, Olimpia Coral Melo, video yake ilisambazwa, akaambiwa hakuna sheria aliyovunja aliyeisambaza, akashika kazi ya kuiandika yeye na wenzake. Jimbo la Puebla likaipitisha 2018, na 2021 ikawa ya nchi nzima. Inaitwa kwa jina lake.

Kwa wanaoniuliza wafanye nini leo, wakati hizo sheria hazijawafikia. Kitu cha kwanza ni usifute picha kwenye simu yako kwa hasira, watu wengi ndio wanaanzia hapo, wanafuta kila kitu halafu hawana cha kutengenezea hashi. Piga skrinshoti za posti zikionyesha linki, jina la akaunti na tarehe kabla hujaripoti, maana ikishushwa na ushahidi umeshuka nayo. Ripoti kwa njia zote mbili, ya faragha na ya hakimiliki kama ulijipiga mwenyewe na hujali jina lako kuonekana. Omba Google waiondoe kwenye matokeo ya utafutaji, wana fomu yake tangu 2015, tovuti chafu isipogooglika imepoteza nusu ya nguvu. Kama ulikuwa chini ya miaka 18 wakati picha inapigwa, StopNCII sio yako, nenda kwenye Take It Down ya NCMEC, shirika la Marekani la kulinda watoto, inafanya kazi kwa hashi vilevile, jina limefanana na la sheria ila ni kitu kingine, na usimtumie mtu yeyote hiyo picha hata mimi, hata kwa nia ya msaada. Na StopNCII wakishakupa namba ya kesi na PIN, viandike mahali pa uhakika, kwa sababu ukivipoteza hawana namna ya kukurudishia na hutaweza kuifuatilia tena kesi yako.